Mvinje wangu wa bonsai umeangukiwa na ngazi: tawi limechanika na mizizi imefumuka

Mwana wa Kibokoni, 16 Juni

Assalamu alaykum, na wengine hamjambo. Naomba msaada wa haraka kuhusu mvinje wangu wa bonsai, yaani mti unaotunzwa ubaki mdogo ndani ya chungu, ambao nimekaa nao miaka minne sasa na ambao juzi Ijumaa uliangukiwa na ngazi ya chuma juu ya paa la nyumba yetu hapa Mombasa.

Nianze na asili yake, kwa kuwa najua mtaniuliza. Mti huu sikuupanda kwa mbegu wala sikuununua kitaluni. Niliuchimbua mwenyewe katika kiwanja kimoja cha Shanzu kilichokuwa kikisafishwa ili kijengwe, kwa ruhusa ya mwenye kiwanja, ambaye alistaajabu kumwona mtu mzima akimaliza siku nzima akibembeleza kisiki ambacho yeye angekitia motoni. Ulikuwa umeota kwenye ufa wa jiwe la matumbawe na umekatwakatwa na wakata kuni kwa miaka, kwa hiyo shina lake ni nene kama kifundo cha mkono wangu ilhali kimo chake hakifiki sentimita 50. Mwaka wa kwanza niliuweka kwenye sanduku la mbao bila kuugusa, kisha nikaanza kuyafunga matawi kwa waya taratibu, na mwaka jana ndipo nilipouhamishia kwenye chungu bapa.

Ijumaa fundi wa bomba alikuja kutazama tangi la maji. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma kwa nguvu, naye hakuifunga ngazi. Ikateleza ukutani na kuuangukia mti. Mimi nilikuwa msikitini. Niliporudi nilikuta chungu kimevunjika vipande vitatu, na mpwa wangu, kwa nia njema kabisa, ameshauokota mti na kuushindilia ndani ya ndoo ya plastiki pamoja na udongo mweusi aliouchota kwenye kitanda cha maua, kisha akaumwagia maji ya kisima chetu, ambayo sisi hufulia na kuoshea baraza tu kwa sababu ya chumvi yake. Ndoo haina tundu hata moja.

Majeraha niliyoyaona ni haya. Tawi la kwanza la kushoto, ambalo ndilo lililoupa mti umbo lake lote, limechanika kwenye kikwapa na linaning'inia kwa ukanda wa gome wenye upana wa kidole. Kutoka hapo gome la shina limebanduka kushuka chini kwa urefu wa sentimita tisa hivi, na mti mtupu umeonekana. Mpwa wangu anasema kwamba bonge la udongo lilipasuka kati na kwamba mizizi minene isiyopungua mitatu ilikatika. Leo asubuhi majani ya kileleni yamepoteza ung'avu wake na yamekuwa na rangi ya kijivu kidogo.

Kwa sasa nimeuficha chini ya ngazi ya ndani, mahali penye giza na ubaridi, kwa sababu nilisoma kwamba mti uliojeruhiwa upumzishwe. Lakini karibu kila nilichokisoma kinahusu misprusi, ile miti ya nchi za baridi yenye majani kama sindano, na wanaoandika wanashauri kusubiri majira ya kuchipua, ambayo sisi hapa hatuna. Je, niutoe kwenye ndoo au niuache, maana nao umeshasumbuliwa vya kutosha? Tawi nilikate au linaweza kuunganishwa? Na je, mbolea ya yurea niliyouziwa jana kwa ahadi kwamba itaamsha mizizi niitumie?

Mzee wa Kitalu, 16 Juni

Wa alaykumu salaam, Mwana wa Kibokoni, na pole kwa mkasa. Yurea iweke kabatini mwanangu, na ikiwezekana mpe jirani mwenye shamba la mahindi. Mzizi uliokatika hauna kinywa cha kulia. Ukiutilia mbolea kali, chumvi ya mbolea itauvuta maji yake nje badala ya kuuingizia, na hapo utakuwa umeiongezea ile chumvi ya kisima mwenziwe.

Umeniandikia mistari mingi kuhusu tawi na michache kuhusu mizizi, nami naelewa, kwa sababu tawi linaonekana na linauma moyo. Hata hivyo mti huu hautakufa kwa sababu ya tawi. Mvinje wenye mizizi mizima unaweza kupoteza nusu ya matawi na ukacheka, ila mvinje uliokaa wiki moja katika tope lisilopitisha hewa hauna la kufanya, hata ukiwa na kila tawi lake. Kwa kawaida ningekwambia usiguse chochote, kwa kuwa kuuhamisha mti mara mbili kwa siku tatu ni balaa. Safari hii lakini ndoo isiyo na tundu, udongo wa mfinyanzi na maji ya chumvi ni balaa kubwa zaidi. Kwa hiyo utoe leo jioni, jua likishapoa, na iwe mara moja tu.

Usiushike shina ukavuta. Ilaze ndoo kwa ubavu, uikate kwa kisu kizuri kutoka mdomo hadi chini, kisha uifungue kama unavyomenya shelisheli. Udongo mweusi ulioshindiliwa na mpwa wako utaanguka wenyewe ukiutikisa kidogo, na ule ulioganda uuondoe kwa kijiti cha mshikaki, ukianzia nje kuelekea ndani. Ukifika kwenye udongo wako wa zamani, ule ulioshikana na mizizi myembamba, simama hapo. Usiuoshe kwa mpira wa maji hadi mizizi ikabaki mitupu.

Sababu ya kukukataza ni hii. Kwenye mizizi ya mvinje utaona vinundu vilivyoshikana vishada vishada kama vipande vidogo vya tangawizi, na wengi wakiviona hudhani ni ugonjwa wakavikata. Humo wanakaa bakteria waitwao Frankia, ambao huichukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mti. Ndiyo maana mvinje unaota juu ya mchanga wa pwani na juu ya jiwe. Mnakumbuka kwamba René Haller, yule Mswisi mtaalamu wa kilimo, alipoanza mwaka 1971 kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, pale ambapo palikuwa jiwe jeupe tupu, kati ya aina 26 za kwanza ni tatu tu zilizosalimika, na mvinje ulikuwa mmojawapo. Mti wenye historia hiyo hauhitaji yurea. Unahitaji vinundu vyake viachwe salama.

Mizizi iliyokatika na kuchanikachanika ikate kwa mkasi mkali ulioupangusa kwa spiriti, mkato mmoja safi, ukipunguza pale tu palipochanika. Ile ambayo imepondeka lakini bado ni migumu na ndani yake ni meupe, iache. Kisha usiurudishe kwenye chungu bapa wala usihangaike kutafuta kingine kizuri. Chukua karai la plastiki au chungu cha kawaida cha udongo kinachozidi bonge la mizizi kwa vidole viwili kila upande, chenye matundu ya kutosha chini. Ndani yake tia mchanganyiko unaopitisha maji: mimi hutumia changarawe nyepesi ya volkano inayoletwa kutoka pande za Naivasha, vigae vilivyopondwa na kuchekechwa vumbi, na kiasi kidogo cha unga wa makumbi. Unga wa makumbi uroweke na kuukamua mara tatu au nne kwanza, kwa kuwa makumbi mengi ya huku kwetu yamelazwa pwani na yana chumvi ya bahari ndani yake.

Baada ya hapo ufunge mti. Nasisitiza neno hili kwa sababu ndilo linaloua bonsai nyingi za porini katika mji wenye upepo kama huu. Mizizi mipya ni laini kama uzi wa buibui, na kila shina linapoyumba mizizi hiyo hukatika, hata kama wewe huoni chochote. Pitisha kamba ya makumbi kwenye matundu ya chini, izungushe juu ya mizizi minene, na uikaze hadi ukilisukuma shina kwa kidole chungu kizima kisogee nalo. Weka kitambaa pale kamba inapogusa gome.

Mwagilia maji ya mvua ukiwa nayo, au ya mfereji, mpaka yanayotoka chini yawe meupe, kisha rudia baada ya nusu saa ili chumvi ishuke. Siku zinazofuata usimwagilie kwa ratiba. Chomeka kijiti kwenye udongo kwa kina cha kidole, kitoe, kiguse mdomoni. Kikiwa na ubaridi, ngoja.

La mwisho, utoe mti gizani. Majani ya mvinje, ambayo kwa hakika si majani bali ni vijitawi vya kijani vyenye vifundo, ndiyo jiko lake, nalo jiko halipiki bila mwanga. Uweke upande wa ukuta usiopigwa na kusi, upate jua la asubuhi hadi saa tatu, kisha kivuli cha wavu. Usiufunike kwa mfuko wa plastiki kama wanavyofanya wengine. Katika joto la Mombasa mfuko huo ni sufuria.

Baharia wa Likoni, 16 Juni

Ndugu, mimi ningechukua njia ya mkato. Mti uliopoteza mizizi hauwezi kuyanywesha matawi yote, kwa hiyo kata matawi yote ubakishe shina, upake kidonda chote sifa, yale mafuta ya papa, kama tunavyopaka jahazi, kisha usubiri. Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi, na mbao alizozipaka sifa zilikaa baharini miaka thelathini bila kuoza. Mwarobaini wangu niliukata hivyo hivyo, nao ulichipua baada ya wiki tatu.

Bint Mtopanga, 16 Juni

Kaka yangu wa Likoni, kwa heshima ya babu yako, ubao wa jahazi umekufa na unatakiwa kuzuiliwa maji, ilhali gome la mti lipo hai na linatakiwa kupumua na kukua. Mafuta ya papa yataziba kila kitu na yatawaita sisimizi na paka wote wa Kibokoni. Kuhusu kukata matawi yote, mwarobaini na mvinje si ndugu. Mwarobaini ukiukata kisiki huchipua bila kuombwa. Mvinje wa pwani ukiuacha bila kijani chochote mara nyingi hauchipui tena, na ndiyo maana wanaoipanda kwa ajili ya nguzo huwa wanapanda miche mipya baada ya kuvuna badala ya kutegemea visiki. Tawi la mvinje lililobaki na kijani kidogo litakupa machipukizi nyuma yake, lakini lililonyolewa kabisa hukauka hadi shinani.

Sasa tuje kwenye jeraha, ndugu Mwana wa Kibokoni. Chukua wembe mpya, uukwangue kidogo sana ule ukanda wa gome unaolishikilia tawi, kwa upana usiozidi punje ya mchele. Chini ya gome la nje kuna tabaka bichi la kijani, na ndani yake kuna utando mwembamba ambao wataalamu huuita kambiamu, na humo ndimo mti unamotengenezea gome jipya na mbao mpya. Likiwa la kijani na linalowesha kidole, tawi bado lina njia ya kula. Likiwa la kahawia na kavu, tawi limekwisha na hatuna haja ya kulisumbua.

Ukikuta kijani, linyanyue tawi polepole mpaka mdomo wa juu na wa chini wa mpasuko ukutane gome kwa gome, kisha lifunge gango. Namaanisha gango la kweli, kama la mkono uliovunjika: vipande viwili vya mwanzi, kimoja juu na kimoja chini, vikikazwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Ukanda wa mpira unafaa kuliko waya kwa sababu unabana bila kukata. Kisha punguza ncha za tawi hilo peke yake, theluthi moja hivi, kwa kuwa mlango wake wa maji umekuwa mwembamba. Matawi mengine usiyaguse hata kwa jicho baya.

Sikufichi kwamba siku mbili zimepita, na gome la mpasuko lililokauka halishikani tena. Tunachokitafuta ni kuukinga ule ukanda uliobaki, na kuungana ni bahati.

Kidonda cha shina kinatisha zaidi kuliko kinavyodhuru. Maji hupanda ndani ya mbao, na chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kupitia gome; kwa hiyo jeraha linaloshuka na shina huacha njia nyingi pembeni yake, na ni jeraha linalolizunguka shina ndilo linaloinyima mizizi chakula. Pima mzunguko wa shina na upana wa sehemu iliyobanduka. Ikiwa robo au chini yake, usiwe na wasiwasi. Kata kingo zilizokufa kwa wembe uliopanguswa na spiriti hadi ufikie gome lililoshikana imara, na chini ukimalizie kwa ncha kama ya jani la muembe ili maji ya mvua yasituame. Paka kingo peke yake nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tone la mafuta, na mbao iliyo wazi uiache ikauke.

Endapo tawi litakufa, usilikate karibu na shina. Bakisha kipande, ukimenye gome, ukiache kikauke na kuwa cheupe, kama matawi yaliyopigwa na radi. Wajapani huliita pambo hilo jini, na naomba wazee wasishtuke, hatufugi kitu chochote juu ya paa. Angalia tu mchwa, kwa sababu wanaipenda mbao kavu ya mvinje kama sisi tunavyopenda mahamri.

Kwa wengine wanaosoma, naongeza kwamba kuomba ruhusa kama alivyofanya ndugu yetu ndiyo njia pekee. Kila mara nasikia kuhusu vijana wanaofuata miti ya zamani ndani ya misitu ya kaya za Mijikenda. Kaya ni mahali patakatifu penye wenyewe, na tangu mwaka 2008 baadhi yake zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kisiki kizuri kilichotoka humo hakina cha kujivunia.

Mwana wa Kibokoni, 17 Juni

Shukran, Mzee, na shukran, dada yangu. Nimefanya kama mlivyoagiza, na kazi imechukua kutoka alasiri hadi baada ya isha, huku mpwa wangu akinishikia taa.

Nilipoipasua ndoo, maji yalitoka na harufu ya tope la mikoko, baada ya siku mbili tu. Mizizi minene iliyokatika ilikuwa minne. Bonge la zamani lilikuwa limegawanyika, lakini nusu kubwa ilikuwa bado imeshikana, na ndani yake nikaviona vile vinundu vya tangawizi, vya rangi ya kahawia, saizi ya njegere. Nakiri kwamba bila maelezo yenu ningevikata, na kwa furaha kabisa.

Ukanda wa gome ulikuwa wa kijani katikati na umekauka kingo zote mbili, kiasi kwamba njia iliyobaki haizidi unene wa penseli. Nimelifunga gango. Mzunguko wa shina ni sentimita 17 na sehemu iliyobanduka ina upana wa sentimita tatu. Mti sasa umo kwenye karai kuukuu la plastiki ambalo mke wangu hakunipa bila maneno, umefungwa kwa kamba, na maji ninayotumia ni ya mfereji, au ya mitungi ya mkokoteni siku ambazo mfereji umekauka.

Majani ya kileleni yanapukutika vifundo vifundo nikiyagusa. Niyatoe?

Mzee wa Kitalu, 17 Juni

Usiyatoe, na usiyaguse tena. Mti wenyewe unajua nani wa kumwachisha kazi. Sentimita tatu kati ya 17 ni kama sehemu moja kati ya sita. Hapo Bint Mtopanga amesema kweli, lisikusumbue.

Mwana wa Tudor, 19 Juni

Salamu kutoka Norway, ambako nimekaa miaka kumi na moja na ambako misprusi ndiyo iliyo mlimani, kando ya barabara na, kwa upande wangu, kwenye vyungu vitatu nyuma ya nyumba. Ndugu yetu alitaja kwamba aliyoyasoma yalihusu misprusi, nami nimeona watu wa pwani wakipotezwa na maandishi hayo mara nyingi, kwa kuwa mvinje na msprusi hufanana kwa mbali kama binamu ilhali hawana udugu wowote.

Msprusi huchipua mara moja kwa mwaka. Machipukizi ya majira ya kuchipua mwaka ujao yanatengenezwa ndani ya vichomozo tangu kiangazi cha mwaka huu, kisha yanafunikwa na kulala wakati wote wa baridi. Kwa hiyo mtu wa huku aliyeangushiwa msprusi wake mwezi wa Juni hana njia ila kuukinga, kungoja mwaka mzima, na mara nyingi miwili, kabla ya kuthubutu kukata au kubadilisha chungu. Kubadilisha chungu kwenyewe hufanywa mapema kabla vichomozo havijafunguka, au mwishoni mwa kiangazi. Mvinje wa Mombasa haulali. Ukiwa na joto na maji unaota mwezi wowote, na kwa hiyo utaonyesha jibu lake baada ya wiki na si baada ya misimu. Pia msprusi ukijeruhiwa hutoa utomvu mzito unaofunika kidonda, na wenye misprusi huandika kana kwamba kila mti una dawa hiyo mfukoni. Ndiyo maana wewe unahitaji nta.

Kuna fundisho moja la msprusi ambalo litakufaa, nalo ni kutoiamini rangi ya kijani. Kila Desemba watu hapa hukata misprusi michanga kwa ajili ya Krismasi, wanaisimamisha sebuleni bila mzizi hata mmoja, nayo hukaa kijani wiki nyingi. Rafiki yangu mmoja aliwahi kuumwagilia na kuupalilia msprusi uliokuwa umekufa mizizi tangu miezi mitatu nyuma. Kwa hiyo usifurahi kwa sababu majani ya chini bado ni ya kijani, na usilie kwa sababu ya kilele. Kinachohesabika ni ncha mpya zinazorefuka. Weka alama: chagua vijitawi vitano katika sehemu mbalimbali, vifunge uzi wa rangi, uvipime kwa rula kila Ijumaa. Mpaka vitatu kati yake virefuke, mti huo ni mgonjwa, vyovyote utakavyopendeza machoni.

Baharia wa Likoni, 20 Juni

Nimekubali kuhusu sifa. Kuhusu kukata bado nina shaka, lakini mti si wangu.

Mwana wa Kibokoni, 4 Agosti

Niliahidi kurudi na habari. Nyuzi nyekundu nilizifunga tarehe 20 Juni, na kwa Ijumaa nne rula haikunionyesha kitu. Kilele chote kilikuwa cha kahawia, na mwanzoni mwa Julai nilishika mkasi mara mbili nikauweka chini. Ijumaa ya sita kijitawi kimoja cha upande wa kulia kilikuwa kimeongezeka milimita nne. Nilimwita mpwa wangu apime tena, maana sikuyaamini macho yangu. Leo vinne kati ya vitano vinarefuka, na kile cha chini kimefika sentimita mbili na nusu. Kwenye shina, chini kidogo ya kilele kilichokauka, vimetokea vichomozo vitatu vyekundu vidogo kama vichwa vya pini.

Tawi la kushoto limekufa nusu. Kutoka kwenye gango hadi katikati bado ni bichi nikilikwangua, na kuanzia hapo ni kuni. Nimekata kile kilichokufa na kuacha kipande cha sentimita sita, nikakimenya gome kama alivyosema Bint Mtopanga. Mama alipokiona kimegeuka cheupe aliniuliza kama ni mfupa.

Sasa nauliza mambo mawili. Mbolea vipi? Na chungu bapa kipya, ambacho nimeshakinunua, niuhamishie mti lini?

Bint Mtopanga, 5 Agosti

Hongera, na hongera zaidi kwa mpwa wako. Gango usilifungue kabla ya mvua za vuli. Ukanda wa tyubu ulegeze tu kidogo ukiona gome linavimba pembeni yake. Kingo za kidonda cha shina zitazame kwa karibu: karibuni utaona mdomo mwembamba, laini na wa rangi nyepesi kuliko gome, ukitambaa juu ya mbao. Ukiuona, usiuguse kwa kucha kwa ajili ya kuhakikisha. Najua utatamani.

Mzee wa Kitalu, 5 Agosti

Mbolea utaanza vijitawi vyote vikirefuka, na itakuwa samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza, kijiko kimoja cha chakula pembezoni mwa karai kwa mwezi, mbali na shina. Ukizidisha, vinundu vitakuwa vivu na mti utazoea kulishwa.

Chungu kipya kioshe, kifunge gazeti, ukiweke juu ya kabati. Vuli itapita, kaskazi itapita na joto lake la Februari, na masika yakikaribia ndipo utakapouuliza mti wenyewe: fungua kamba, lishike shina kwa vidole viwili, ulinyanyue taratibu. Karai likinyanyuka pamoja nalo, mizizi imeshika. Shina likisogea peke yake, hata kwa unene wa kucha, funga kamba tena na ungoje masika mengine.